Jino Likiuma, Usimfiche Daktari



Je, umewahi kuumwa jino usiku? Kama umewahi, huna haja ya kuelezwa. Watu wote wamelala. Wewe unazunguka uani umeshika shavu, unangoja jogoo awike.

Kunapambazuka. Unakwenda kituo cha afya. Benchi limejaa watu. Yupo jirani yako, yupo shemeji yako, yupo na mwenyekiti wa kitongoji. Mlango wa daktari uko wazi. Daktari anakuuliza, "Mama, una ugonjwa mwingine? Kuna dawa unayotumia? Una mimba?" Watu kwenye benchi wananyamaza. Wanatega masikio. Wewe unajibu, "Hapana, daktari. Ni jino tu."

Kumbe una mimba ya miezi miwili, na hata mumeo hujamwambia. Jibu lako linaweza kukuletea madhara makubwa kuliko jino lenyewe.

Kwanza tuseme jino linaumwa kwa sababu gani. Wengi wetu tuliambiwa kuna mdudu anayekula jino. Si sisi peke yetu. Watu wa Babeli ya kale waliamini hivyo, na Ulaya pia. Mwaka 1728 daktari Mfaransa, Pierre Fauchard, alitoa kitabu kikubwa juu ya meno. Alikuwa amechungulia meno mabovu kwa hadubini, asimwone mdudu huyo. Mwaka 1890 Mmarekani Willoughby Miller, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani, alieleza sababu. Mdomoni mna vijidudu vidogo sana, havionekani kwa macho. Vinakula sukari na mabaki ya chakula, kisha vinatoa asidi. Asidi hiyo inatoboa jino. Tundu likifika ndani kwenye mshipa wa fahamu, ndipo usingizi unapokwisha.

Usiku huo ufanye nini? Chukua glasi ya maji ya uvuguvugu, tia chumvi nusu kijiko cha chai, sukutua, kisha tema. Mtu mzima anaweza kumeza vidonge 2 vya parasetamo vya miligramu 500. Angoje saa 6 kabla ya kumeza tena. Asipite vidonge 8 kwa siku moja, maana vikizidi vinaharibu ini. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza.

Karafuu nayo inasaidia. Mafuta yake yana dawa inayotia ganzi. Weka karafuu moja juu ya jino linalouma, uume taratibu. Lakini mafuta ya karafuu ya chupa ni makali. Tone moja kwenye pamba linatosha, na usimpe mtoto mdogo.

Usiweke aspirini kwenye ufizi, inauunguza. Maji ya betri na mafuta ya taa ni sumu, usiyatie mdomoni kabisa. Na zile kapsuli za rangi mbili za dukani hazizibi tundu.

Ukiona shavu au shingo inavimba, una homa, mdomo haufunguki, au unameza na kupumua kwa shida, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa, na mtu akafa.

Sasa turudi kwenye maswali ya daktari. Zamani mtu aling'olewa jino huku ameshikwa mikono na miguu. Mwaka 1844, katika mji wa Hartford huko Marekani, daktari wa meno Horace Wells alivuta hewa iitwayo gesi ya kuchekesha, akang'olewa jino lake mwenyewe bila maumivu. Mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden alitengeneza lignokeini, dawa ya sindano ya ganzi inayotumika mpaka leo. Mara nyingi huchanganywa na adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu na huweza kuongeza mapigo ya moyo. Kwa hiyo daktari anapouliza habari za presha na moyo, hafanyi upelelezi. Anataka kujua akuchome dawa gani, na kiasi gani.

Mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande aseme. Asiposema, jino litang'olewa na damu itatoka kwa muda mrefu. Asiache dawa hiyo kwa hiari yake, maana hiyo nayo ni hatari. Mwenye kisukari aseme, kwa kuwa kidonda chake huweza kuchelewa kupona. Mwenye ugonjwa wa moyo aseme, kwa sababu vijidudu vya mdomoni vinaweza kuingia kwenye damu vikafika moyoni. Mama mwenye mimba hutibiwa meno bila wasiwasi, ila zipo dawa asizopewa. Tetrasaiklini, kwa mfano, hutia doa meno ya mtoto aliye tumboni. Mwenye virusi vya Ukimwi naye hutibiwa kama wengine. Ataje dawa zake ili zisigongane na dawa mpya.

Utasema, "Nikisema, kijiji kizima kitajua." Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini daktari hana ruhusa ya kutangaza habari zako. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, waganga wa Ugiriki waliapa kutunza siri za wagonjwa. Hapa Tanzania, Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 inalinda siri ya mtu aliyepimwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda habari za afya ya kila mtu. Hivyo kutunziwa siri ni haki yako, si hisani ya daktari.

Sheria ipo, lakini zahanati nyingi zina chumba kimoja na pazia. Pazia halizuii sauti! Unaweza kusema, "Daktari, naomba tuzungumze pembeni." Ukiona haya kusema hata hayo, tumia kalamu. Si umejifunza kuandika? Kabla hujatoka nyumbani, andika kwenye karatasi:

"Nina presha. Ninameza dawa kila asubuhi. Nina mimba ya miezi miwili. Nilichomwa penisilini nikatoka vipele. Tafadhali usisome kwa sauti."

Andika yaliyo yako, na majina ya dawa uyanakili kwenye pakiti. Kunja karatasi, umpe daktari mwenyewe mkononi, si mtu wa mlangoni. Akimaliza kusoma, mwombe akurudishie, uende nayo nyumbani.