Baada ya Homa, Usivikimbilie Vyuma

Asubuhi moja, katika kambi ya askari hapa Uganda, koplo mmoja alitoka nyumbani kwake akiwa amevaa bukta na viatu vya mazoezi. Alielekea nyuma ya ghala, mahali ambapo vijana wa kikosi chake huweka vyuma vyao. Vyuma hivyo havikununuliwa dukani. Ni bomba la chuma lililochomekwa katika makopo mawili ya rangi yaliyojazwa saruji, uzito wake ukiwa kilo 60. Kabla ya kuugua, koplo huyo alikuwa akilinyanyua bomba hilo mara kumi bila kutweta. Lakini siku hiyo zilikuwa zimepita siku nne tu tangu atoke hospitalini, ambako malaria kali ilikuwa imemlaza kwa siku tisa.

Mkewe alimfuata hadi mlangoni, akamwambia kwa upole, "Baba watoto, jana ulibeba ndoo ya maji ukashika ukuta. Leo waenda kunyanyua saruji?"

Koplo alicheka, akajibu, "Mama watoto, nikizidi kukaa wenzangu watasema nimekwisha."

Akaenda. Alipolinyanyua bomba mara ya nne, macho yaliingia giza, mikono ikalegea, na bomba likaanguka shubiri moja kutoka mguuni pake. Alirudishwa nyumbani akiwa ameshikwa mikono na wale wale aliotaka kuwaonyesha nguvu zake.

Ndugu msomaji, kisa hiki si cha mtu mmoja. Askari na polisi wengi huiona nguvu kuwa sehemu ya heshima yao, na kwa hiyo huona haya kuonekana dhaifu. Yafaa basi tueleze ugonjwa unaufanya nini mwili, na ni njia ipi imrudishayo mtu kwenye vyuma akiwa salama.

Homa huacha deni

Vimelea vya malaria huishi ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Chembe hizo ndizo zinazobeba hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka katika misuli. Hata homa inapokwisha, chembe zilizopotea hazirudi kwa siku moja. Chembe nyekundu huishi kwa kadiri ya siku 120, na mwili huziunda mpya kidogo kidogo. Ndiyo sababu mtu aliyepona hutweta akipanda kilima ambacho zamani alikipanda akiimba.

Jambo la pili ni bandama, kiungo kilicho upande wa kushoto chini ya mbavu. Malaria huifanya bandama ivimbe. Bandama iliyovimba yaweza kupasuka kwa pigo, na hata kwa kujikaza sana, na damu ikavuja tumboni hadi kuua. Kwa hiyo aliyetoka kuugua asirudi kwenye vyuma vizito, ndondi au mieleka kabla mganga hajampapasa tumbo na kumruhusu. Akisikia maumivu makali upande huo wa kushoto, au yanayopanda hadi bega la kushoto, apelekwe hospitalini bila kungoja asubuhi.

Jambo la tatu ni moyo. Baadhi ya magonjwa ya virusi, yakiwemo mafua makali, huweza kuushambulia msuli wa moyo. Mtu mwenye homa asifanye mazoezi hata kidogo, ingawa wenzake watamwambia kwamba jasho litaitoa homa hiyo. Jasho halitibu homa. Dawa ndiyo itibuyo, tena dawa iliyomalizwa yote. Wako wanaoacha vidonge vya malaria siku ya pili kwa kuwa wamepata nafuu, kisha huulaumu uchovu. Huko ni kumwacha adui akiwa amejeruhiwa tu.

Mgonjwa aliyewafundisha askari

Njia ya kurudisha nguvu kwa vyuma ina historia yake, na historia hiyo inawahusu askari. Huko Marekani alikuwako kijana aliyeitwa Thomas DeLorme, mzaliwa wa jimbo la Alabama. Akiwa bado kijana alishikwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoweza kuharibu moyo, akalazwa kitandani kwa muda mrefu. Alipopata nafuu alianza kunyanyua vyuma kwa kadiri, akaongeza uzito pole pole, hata akawa mtu mwenye nguvu. Baadaye akasomea uganga.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, DeLorme alitumikia jeshi la nchi yake katika hospitali ya Gardiner mjini Chicago. Wodi zilijaa askari walioumia magoti na mifupa, na wengi walikaa humo kwa miezi kwa sababu misuli yao ilikuwa imesinyaa. Desturi ya wakati huo ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi yaliyorudiwa mara nyingi mno. DeLorme akawapa uzito wa kweli, lakini uliopimwa na kuongezwa kwa hatua, na askari wakapona upesi zaidi. Mwaka 1945 alichapisha habari za kazi hiyo. Mwaka 1948, pamoja na mwenzake Arthur Watkins, alitoa mpango mfupi zaidi, ambao hadi leo unatumika.

Mpango wenyewe ni huu. Tafuta uzito unaoweza kuunyanyua mara kumi kwa utaratibu mzuri, lakini mara ya kumi na moja ukushinde. Zamu ya kwanza, nyanyua nusu ya uzito huo mara kumi. Zamu ya pili, robo tatu yake. Zamu ya tatu, uzito wote. Ikiwa uzito wako wa leo ni kilo 40, utaanza na kilo 20, kisha 30, kisha 40. Shika neno hilo: uzito wako wa leo. Usiutafute ule wa kabla ya kuugua.

Ratiba ya anayerudi

Juma la kwanza baada ya kumaliza dawa na kupata ruhusa, tembea tu: dakika kumi, kisha kumi na tano, kisha ishirini. Ukiweza kutembea nusu saa na kuzungumza bila kukatika pumzi, ingia juma la pili. Hapo tumia uzito wa mwili wako mwenyewe: kuchuchumaa na kuinuka, na kujisukuma ukutani kabla ya kujisukuma sakafuni. Juma la tatu shika chuma kisichozidi nusu ya kile cha zamani, mara tatu kwa juma, na siku ya kupumzika iwe katikati. Ukiimaliza kazi bila shida, ongeza kidogo juma linalofuata. Vuta pumzi unaposhusha, itoe unaponyanyua, usiizuie.

Kila asubuhi kabla ya kuondoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Yakizidi kawaida yako kwa kumi au zaidi, siku hiyo pumzika. Na ukiona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, kimbilia hospitali: huenda misuli imevunjika kwa kazi kubwa ya ghafula, au malaria imerudi kwa ukali, na yote mawili huweza kuharibu figo.

Kazi ya jikoni

Damu na misuli hujengwa jikoni pia. Mama wa nyumbani hahitaji fedha nyingi. Maharagwe, njugu, mayai, dagaa na maini vikipatikana, humpa mgonjwa vitu vya kujengea mwili. Mboga za majani kama mchicha ziandamane na chungwa au nyanya, kwa maana matunda na mboga za namna hiyo husaidia tumbo kufyonza madini ya chuma. Chai isinywewe pamoja na chakula, kwani huyazuia madini hayo. Ingojee saa moja au mbili. Na chandarua kitandikwe kila usiku, ili kazi yote hii isianze upya.

Tena, habari njema kwa aliyekata tamaa: msuli uliowahi kuzoezwa hurudi upesi kuliko ulivyojengwa mara ya kwanza.

Yule koplo alirudi kwenye vyuma juma la tano, akaanza na kilo 20. Mwezi wa nne alilinyanyua tena lile bomba la kilo 60 mara kumi. Mkewe alikuwa amesimama kando akihesabu, na alipofika kumi alimwambia, "Basi, baba watoto, inatosha kwa leo." Safari hii alimsikia. Mwenda pole hajikwai.