Moto Usiopenda Vyumba Vidogo

Kijiko cha chai kikijazwa petroli hubeba karibu gramu 3.7 za mafuta. Ndani ya gramu hizo mna nishati ya wati-saa 44 hivi, yaani ya kutosha kuwasha balbu ya wati 44 kwa saa nzima. Betri ya simu ya kisasa, ile iliyoandikwa 5,000 mAh, hubeba wati-saa 19 tu. Moto wote wa kijiko kile ungeweza kugeuzwa umeme bila kupotea njiani, simu mbili zingejaa na cha kubaki kingebaki. Ukipima kwa kilo, petroli ina wati-saa 12,000, na betri nzuri ya lithiamu ina 250. Petroli inaishinda betri karibu mara hamsini.

Hesabu hiyo iliwatia wahandisi tamaa. Katika miaka ya 1990, Alan Epstein na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walianza kuchonga injini ya tabo kwenye vipande vya silikoni, kwa mbinu zile zile zinazotumika kutengeneza chipu za kompyuta. Walitaka kifaa cha ukubwa wa kifungo cha koti kitakachotoa wati kumi na zaidi. Gurudumu lake, lenye kipenyo cha milimita 4, lilitakiwa lizunguke zaidi ya mara milioni moja kwa dakika. Upande wa pili wa nchi hiyo, Berkeley, kundi la Carlos Fernandez-Pello liliijaribu injini ya Wankel, ile ya rota ya pembe tatu, kwa vipimo vya milimita. Fedha zilitoka kwa jeshi, ambalo askari wake hubeba betri nzito za redio na vifaa vingine kila waendako.

Zaidi ya robo karne imepita na hakuna anayetia simu yake petroli. Sababu zake zinaweza kuelezwa kwa hesabu ubaoni, ila zinaonekana vizuri zaidi kwenye miteremko ya chai ya Kericho na Bomet, nchini Kenya. Huko injini ndogo ni chombo cha kazi, na mahali uwezo wake unapokomea panajulikana na kila anayeibeba.

Mashine ya kuvuna chai ya watu wawili ni upinde wa chuma wenye urefu wa mita moja na ushei. Mmoja hushika upande huu wa mstari wa michai, mwenzake upande ule, na wa tatu hufuata nyuma akiushika mfuko. Meno mawili marefu hukata majani kwa kupishana kama mkasi, feni huyapuliza yaingie mfukoni. Kinachoendesha vyote hivyo ni injini ya petroli isiyofika, kwa kawaida, sentimita za ujazo 50, nusu ya injini ya bodaboda au pungufu. Huwashwa kwa kuvuta kamba, hunywa petroli iliyochanganywa na oili, na sauti yake kwa mbali mtu huidhani ni msumeno wa kupasulia mikaratusi.

Mashine hizo zina historia chungu. Wafanyakazi wa mashamba makubwa waligoma mwaka 2010 kuzipinga, na Mei 2023 waandamanaji waliteketeza kadhaa za kampuni ya Ekaterra, warithi wa mashamba ya Unilever. Mtu mmoja aliuawa katika ghasia hizo. Jopo lililoundwa na serikali ya kaunti ya Kericho lilikuwa limekadiria kwamba ajira 30,000 zilipotea katika muongo mmoja. Makala hii haitamaliza ugomvi huo. Lakini inafaa kukumbuka kwamba mzozo mkubwa kiasi hicho umewashwa na silinda inayoingia kiganjani.

Je, kwa nini isipunguzwe zaidi, ikawa ya kuingia mfukoni?

Sufuria ya chai iliyoepuliwa hukaa na moto wake muda mrefu. Chai hiyo hiyo ikimiminwa kwenye kijiko hupoa kabla haijafika mdomoni. Silinda hufuata kanuni hiyo. Ikipunguzwa mara kumi kwa kila upande, ujazo wake hupungua mara elfu, lakini eneo la kuta zake hupungua mara mia tu. Kila tone la mafuta sasa limezungukwa na chuma mara kumi zaidi ya awali, na chuma hunyonya joto ambalo lingepaswa kuisukuma pistoni.

Kisha moto wenyewe hugoma. Mwali wa petroli na hewa ukiingizwa kwenye mwanya wa milimita mbili hivi huzimika, kwa sababu kuta hulichukua joto haraka kuliko moto unavyolizalisha. Mwingereza Humphry Davy aliutumia ukweli huo kuokoa maisha mwaka 1815: aliizungushia taa ya wachimba makaa wavu wa matundu madogo, mwali ukashindwa kupenya kwenda kulipua gesi iliyo nje. Kilichowaokoa wachimba makaa ndicho kilichowatatiza watu wa MIT. Haidrojeni huvumilia mwanya mwembamba zaidi, chini ya milimita moja, ndiyo maana waliigeukia. Ila haidrojeni haiuzwi kwenye vituo vya mafuta vya Litein wala Sotik, na kuihifadhi ni kazi nyingine.

Liko pia tatizo la fundi, ambalo wanafizikia hulipita haraka. Kati ya pistoni na silinda lazima pabaki upenyo. Katika injini ya gari upenyo huo si kitu. Katika injini ya milimita chache, gesi nyingi hutoroka hapo kabla ya kusukuma chochote, na msuguano hula sehemu kubwa ya nguvu inayobaki. Muda nao hubana. Injini inayozunguka mara 30,000 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde mbili, na katika muda huo lazima ivute hewa, iichanganye na mafuta, iunguze na kutoa moshi.

Injini ndogo kama hizo zimewahi kuuzwa madukani. Kampuni ya Cox ya Marekani ilitengeneza, kwa ajili ya ndege za kuchezea, injini ya sentimita za ujazo 0.16 yenye uzito wa gramu 14 hivi. Ilirusha ndege vizuri kabisa. Lakini ilikunywa mafuta maalumu kwa pupa na kuyatema mengine kwenye mbawa, jambo ambalo mwenye ndege ya kuchezea hulisamehe, na mwenye simu hawezi. Injini ya rota ya Berkeley nayo, ile iliyofanikiwa kuzunguka, ilikuwa kubwa kuliko ndoto ya awali na ilitoa wati chache tu.

Hapo ndipo ile faida ya mara hamsini inapoyeyuka. Injini inayogeuza asilimia 10 ya moto kuwa kazi bado hupata wati-saa 1,200 kwa kilo ya petroli, na hapo betri imeachwa mbali. Ikishuka hadi asilimia 2 hupata 240, sawasawa na betri, ambayo haina kelele, haina moshi na hukaa mfukoni bila kumchoma mtu paja.

Hata hivyo ndoa ya injini ndogo na vyombo vya umeme si ya kubuni. Mwaka 1946, Soichiro Honda alikuta Japani injini ndogo zilizobaki baada ya vita, ambazo jeshi lilizikusudia kuzalisha umeme wa redio zake. Alizifunga kwenye baiskeli, na biashara yake ya pikipiki ikaanzia hapo. Mwaka 1965 kampuni yake ilitoa jenereta ya kubeba kwa mkono, E300. Kizazi cha baadaye cha vijenereta vya namna hiyo, hasa vile vya bei nafuu kutoka China, ndicho kilichochaji simu katika vibanda vya sokoni kabla stima haijafika vijijini. Njia ya maana ya kuchaji simu kwa petroli ilikuwa hiyo: injini moja ya ukubwa wa kutosha, na simu ishirini zimepangwa mezani.

Katika mashamba madogo ya chai mpaka wa injini na betri sasa unasogea. Kuna mashine za mkono za mtu mmoja, zenye meno ya sentimita 30 hivi, zinazotumia umeme wa betri ya lithiamu inayobebwa mgongoni au kiunoni. Hazinuki petroli, na mchumaji husikia anachoambiwa na mwenzake. Swali la ubora linabaki, kwa kuwa KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, husisitiza majani mawili na chipukizi, na meno ya mashine hayachagui. Lakini kwa upande wa nguvu jibu limepatikana: kukata kipande cha sentimita 30 hakuhitaji moto.

Betri zenyewe hazijakaa kitako. Zile za lithiamu ambazo Sony iliziingiza sokoni mwaka 1991 zilibeba wati-saa 80 hivi kwa kilo. Leo ni mara tatu ya hapo. Mwanya unaozima mwali, kwa upande mwingine, ni ule ule wa enzi za Davy.

Mashine ya watu wawili ndiyo bado inashikilia petroli. Ikitumia kilowati moja kwa saa sita za kazi, ingehitaji kilo 24 za betri, bila kuhesabu kasha wala nyaya, zibebwe kupanda na kushuka miteremko ya Konoin, Bomet. Petroli ya kazi hiyo, injini ikiwa na ufanisi wa asilimia 15, ni lita nne na nusu hivi, na si lazima zibebwe zote kwa mara moja: tangi hujazwa mwisho wa mstari kutoka kwenye jerikeni.