Pikapu Yako Inazimika na Kuwaka Yenyewe? Anza na Nyaya Kabla ya Kununua Betri

Msimu wa maembe unapokaribia, pikapu nyingi za kaunti yetu ambazo zimekuwa zikipumzika chini ya miti hurudi kazini ghafla. Hubeba maembe, nazi na mihogo kutoka mashambani hadi barabara kuu, na nyingine huendelea mpaka soko la Kongowea, Mombasa, zikiondoka saa nane za usiku ili zifike kabla ya wanunuzi. Hapo ndipo malalamiko ya aina moja huanza kusikika. Taa zinafifia na kurudi. Stata inagoma alfajiri lakini saa nne inakubali. Injini inazimika kwenye mashimo, kisha inawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Ukilipeleka gari kwa fundi, halina tatizo lolote. Ukifika nyumbani, mambo ni yale yale.

Hitilafu ya umeme inayokuja na kwenda ni ghali kuliko kitu kilichokufa kabisa. Kilichokufa hupatikana haraka. Kinachokufa dakika tatu na kufufuka humfanya mwenye gari anunue vipuri kwa kubahatisha: betri kwanza, halafu altaneta, halafu stata, na bado gari linamwacha Mtwapa na shehena inaiva. Katika pikapu iliyotimiza miaka 20 au 30, mara nyingi vipuri hivyo havina kosa. Kosa liko kwenye nyaya na viungio vyake, na sehemu kubwa ya utafutaji mwenye gari anaweza kuifanya mwenyewe.

Weka kumbukumbu kwanza

Kabla ya kufungua boneti, chukua daftari. Andika kila mara tatizo linapotokea: lilikuwa saa ngapi, mvua ilikuwa inanyesha au la, injini ilikuwa baridi au imepata moto, barabara ilikuwa ya lami au ya mashimo, taa na wipa zilikuwa zimewashwa? Muhimu zaidi, andika ni vitu gani vilizimika pamoja. Umeme wa gari huwa na maadui watatu wakuu, yaani mtikisiko, joto na unyevu, na daftari lako litakuonyesha ni yupi kati yao anayekusumbua. Gari likizimika kwenye matuta tu, tafuta kiungio kilicholegea. Likisumbua baada ya nusu saa ya safari, shuku kitu kinachopata joto, kwa mfano koili ya gari la petroli au rilei. Likigoma asubuhi ya mvua, shuku kutu na maji. Na iwapo redio, indiketa na wipa hukatika kwa wakati mmoja, usihangaike na kila kimoja. Tafuta mahali ambapo vyote vitatu hukutana, kama vile fyuzi moja, swichi ya ufunguo au athi.

Sisi tunaoishi karibu na bahari tuna tatizo la nne linalowazidisha hao watatu, nalo ni hewa ya chumvi. Shaba inayoachwa wazi huku hubadilika kuwa kijani haraka kuliko kule bara.

Betri na vichwa vyake

Vua pete na saa ya chuma, kaa mbali na sigara, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Ukitaka kufungua vichwa vya betri, anza na hasi na umalizie na chanya. Wakati wa kufunga, chanya kwanza na hasi mwisho. Ukifuata utaratibu huo, spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya haitatoa cheche.

Shika kila kichwa kwa mkono na ujaribu kukizungusha. Kikicheza hata kidogo, umepata mshukiwa wa kwanza. Ule ungauunga mweupe au wa kijani huoshwa kwa maji ya moto yaliyotiwa magadi kidogo, kisha unakwaruzwa kwa msasa hadi chuma king'ae, ndani ya kichwa na kwenye nguzo ya betri pia. Funga vizuri ndipo upake grisi juu. Kupaka grisi kwenye uchafu ni kuuhifadhi tu.

Ukiwa na mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei rahisi, pima betri gari likiwa limelala usiku mzima bila kuwashwa. Betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.0 imekwisha au inakaribia kwisha. Washa injini na upime tena: altaneta inayofanya kazi huipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.5. Wakati stata inazunguka, isishuke chini ya volti 10 au karibu na hapo. Vipimo hivi vitatu vikiwa sawa, betri na altaneta karibu hazina hatia, na hakuna sababu ya kumpa mtu fedha za betri mpya.

Athi, njia ya kurudi inayosahaulika

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa ndipo pikapu nyingi za zamani huugua.

Umeme ukitoka betri kupitia waya hadi kwenye taa, lazima urudi betri. Katika gari haurudi kwa waya wa pili. Hurudi kupitia chuma cha gari lenyewe, injini, fremu na kebini. Njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi huiita athi. Waya mnene wa hasi hutoka betri kwenda kwenye injini, na mkanda mwingine wa shaba uliosukwa huunganisha injini na bodi, kwa sababu injini imekaliwa na mipira isiyopitisha umeme. Mkanda huo hukatika uzi mmoja mmoja kwa miaka mingi ya kutikisika. Mara nyingine fundi aliyeshusha injini husahau kuurudisha. Na gari lililopakwa rangi upya linaweza kuwa na athi iliyofungwa juu ya rangi, ambayo haipitishi umeme.

Dalili za athi mbovu hushangaza. Ukikanyaga breki, indiketa nazo zinawaka kwa mbali. Ukiwasha taa kubwa, geji ya mafuta inapanda. Umeme umezibiwa njia yake ya kurudi, kwa hiyo unapita kwenye taa ya jirani kuitafuta nyingine. Athi ya injini ikikatika kabisa, umeme wa stata unaweza kurudi kupitia kebo ya mafuta au ya klachi, na kebo hiyo ikapata moto hadi ikatoa moshi. Mwenye gari hubadilisha kebo mara mbili bila kujua kwamba tatizo ni mkanda wa shaba.

Kipimo chake ni chepesi. Weka mita kwenye volti, mguso mweusi kwenye nguzo hasi ya betri, mwekundu kwenye chuma kitupu cha injini, na mwenzako apige stata. Isome volti 0.2 au chini ya hapo. Ikizidi 0.5, njia imeziba. Rudia kipimo hicho kwenye chuma cha kebini taa zote zikiwa zimewashwa. Huna mita? Chukua kebo ya kuwashia gari kutoka gari jingine, funga upande mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha piga stata. Ikiamka kwa nguvu ilhali ilikuwa inasuasua, umeshapata jibu.

Usisahau nyuma. Bodi ya mizigo ni kipande tofauti na kebini, na taa zake hutegemea waya mmoja mdogo uliofungwa kwa bolti kwenye fremu, mahali panaporushiwa matope kila siku. Fungua bolti hiyo, sugua hadi chuma kionekane, rudisha na upake grisi. Kazi ya dakika 10 hurudisha taa za nyuma ambazo watu wamezibadilishia balbu mwaka mzima.

Mita inaweza kudanganya

Mita hutumia umeme mdogo mno. Waya wenye nyuzi 20 ukikatika nyuzi 19, mita bado itasoma volti 12 kupitia ule mmoja uliobaki, nawe utaapa kwamba waya ni mzima. Ndiyo sababu mafundi wazee hupenda taa. Chukua balbu ya indiketa ya wati 21, ichomelee nyaya mbili, na umepata kifaa cha kupimia kinachouliza swali halisi: je, waya huu unaweza kubeba kazi? Ukiwaka kwa mwanga hafifu pale ambapo mita ilisema 12, waya ni mbovu. Tahadhari moja: balbu hii ni ya magari ya zamani. Usiiguse kwenye nyaya za kompyuta ya gari wala za mifuko ya hewa ya usalama, ambazo kwa kawaida huwa za manjano.

Balbu ikiwa imeunganishwa, mtikise mshukiwa. Shika fungu la nyaya kiasi cha shubiri moja moja, ulitingishe, uone kama mwanga unacheza. Pita mahali nyaya zinapopenya ukuta wa injini kuingia kebini, zinapopinda mlangoni, na chini ya kiti. Tikisa ufunguo ukiwa kwenye swichi pia. Fungu zito la funguo za nyumba, duka na ghala huila swichi hiyo polepole. Gari lililokuwa limeegeshwa miezi kadhaa karibu na ghala la mahindi likaguliwe kwa meno ya panya.

Kisa cha waya wa alamu

Mwandishi wa makala haya aliwahi kusumbuliwa na pikapu ya dizeli ya mwaka wa 1994 iliyokuwa ikizimika njiani bila taarifa. Mwenyewe alikuwa ameshanunua betri mbili na kubadilisha filta za dizeli mara tatu, kwani aliambiwa hewa inaingia kwenye mafuta. Injini nyingi za dizeli za miaka hiyo hazihitaji umeme ili ziunguruме, isipokuwa kitu kimoja: vali ndogo ya umeme kwenye pampu inayofungulia mafuta. Ikikosa umeme, mafuta hufungwa na injini inakufa.

Tukaunganisha balbu ndogo ya wati 5 kwenye waya wa vali hiyo, kupitia fyuzi ndogo, tukaivuta hadi ndani ya kebini. Dereva akaendesha, mimi nikakaa pembeni nikiitazama balbu. Kilomita ya sita, kwenye mashimo, balbu ilizimika na injini ikafa papo hapo. Basi haikuwa dizeli wala filta. Tukafuata waya huo kurudi nyuma hadi chini ya dashibodi, na hapo tukakuta kiungio alichoweka aliyefunga alamu miaka iliyotangulia: nyaya mbili zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu nyeusi. Gundi ya tepu ilikuwa imeyeyuka kwa joto, shaba ya ndani ilikuwa kijani. Tulikata, tukaunganisha kwa solda, tukafunika kwa mpira wa kubana na kuufunga waya usicheze. Gharama ya vifaa haikufika bei ya chupa mbili za soda.

Tangu hapo, swali langu la kwanza kwa mwenye gari ni: nini kiliongezwa ambacho hakikutoka nacho kiwandani? Alamu, redio, taa za ukungu, kikata umeme cha siri cha kuzuia wezi. Anza hapo.

Fyuzi si mahali pa kubahatisha

Fyuzi za zamani hushika kutu kwenye vishikizo vyake hata kama zenyewe ni nzima. Zitoe moja moja, sugua, rudisha. Iliyoungua ibadilishwe kwa ampea ile ile iliyoandikwa. Kuweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au waya wa shaba badala ya fyuzi hakuondoi tatizo. Kunahamisha moto kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye waya ulio nyuma ya dashibodi, karibu na magoti yako. Fyuzi inayoungua mara kwa mara inakuambia kuna waya unaogusa chuma mahali fulani. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, zima gari, ondoa kichwa cha hasi, na usiendelee na safari.

Vilevile, gari ambalo taa zake zimeshawahi kukatika lisitembee usiku hadi chanzo kipatikane. Kwa magari ya biashara, pikapu zikiwemo, taa pia ni sehemu ya ukaguzi wa kila mwaka unaosimamiwa na NTSA.

Ukifika kwa fundi

Ukishindwa, nenda kwa fundi wa umeme wa magari na daftari lako. Badala ya kumwambia "angalia umeme", mwambie: "huzimika kwenye mashimo, injini ikiwa na moto, na redio hukatika pamoja nayo, betri inasoma 12.6 na athi ya injini ni 0.1." Umempunguzia nusu ya siku. Mwombe akuonyeshe kosa kabla ya kubadilisha kipuri, na akurudishie kile cha zamani. Akirekebisha, endeshani pamoja kwenye barabara ile ile iliyokuwa ikilizimisha gari, kwa muda ule ule, kabla hujamlipa.