Fonti Zinazoiga Mkono

Mwaka 1929 René Magritte alichora kiko, kisha chini yake akaandika kwa Kifaransa kwamba hiki si kiko. Hakutumia herufi za kitabuni. Alitumia mwandiko nadhifu wa kuunganisha herufi, ule wa ubaoni, na hapo ndipo penye nguvu ya mchoro: mwandiko wa mwalimu huaminiwa kabla maneno yenyewe hayajapimwa. Magritte aliijua nguvu hiyo vizuri. Tangu miaka ya 1920 alichora matangazo ya biashara ili apate riziki, na aliporudi Brussels mwaka 1930 alianzisha Studio Dongo pamoja na mdogo wake Paul, katika nyumba aliyopanga Jette ambayo leo ni makumbusho.

Imani hiyohiyo ndiyo inayotafutwa na kila anayechagua fonti ya mwandiko wa mkono.

Kuitengeneza si kazi nyepesi. Mwaka 1953 Mfaransa Roger Excoffon alitoa Mistral, fonti iliyotokana na mwandiko wake mwenyewe. Wakati huo kila herufi ilikaa kwenye kipande chake cha risasi, lakini mkia wa moja ulipaswa kukutana na kichwa cha inayofuata, vyovyote zitakavyopangwa. Aliweza, kwa herufi ndogo. Herufi kubwa hazikuundwa kushikana, na ndiyo maana neno zima lililoandikwa kwa herufi kubwa za fonti za aina hii huonekana limevunjikavunjika.

Kiswahili kina mitego yake. Maneno kama “saa” na “taa” huweka a mbili ubavu kwa ubavu. Zikifanana kabisa, mashine imejifichua, kwa kuwa mkono wa mtu haurudii umbo bila tofauti. Fonti nzuri hubeba maumbo kadhaa ya kila herufi, na programu huyabadilisha kulingana na herufi jirani. Neno “muumini” ni gumu zaidi: vijiti 14 vinafuatana, na msaada pekee wa jicho ni nukta mbili za i. Na kwa kadi ya kuchapishwa Brussels, jiji la Kifaransa na Kiholanzi, fonti lazima pia iwe na é, ç na ë.

Fonti hizi zinafaa maneno machache: jina la mgahawa, lebo ya asali, majina ya maharusi. Maelezo ya dawa, mkataba na namba za simu viachiwe herufi za kawaida. Mbelgiji Fernand Baudin, aliyesomea shule ya sanaa ya La Cambre jijini Brussels, mwaka 1984 alichapisha kitabu kizima kuhusu taipografia kwa mwandiko wake, na kinasomeka; lakini ule ni mkono halisi, uliopima nafasi ya kila mstari.

Basi kabla ya kupeleka kadi kwa mchapishaji, andika “saa”, “muumini” na “ng’ombe” kwa fonti uliyoipenda, uyachapishe kwa ukubwa halisi, kisha mpe mtu mzima ayasome bila miwani. Akikwama, tafuta fonti nyingine.