Anayeamua kesi za meli si lazima awe wakili

Mtoto akisema anataka kuamua kesi, wazazi wengi tuna jibu moja: kasome sheria. Lakini iko kazi ya kuamua migogoro ya biashara na meli ambayo mlango wake si huo tu.

Anayeifanya huitwa msuluhishi, ingawa hapatanishi watu kama wazee kwenye kikao cha ndoa. Anasikiliza pande zote, anapima ushahidi, kisha anatoa uamuzi unaoitwa tuzo.

Chukua mfano wa meli iliyokodiwa kuleta ngano. Mkataba umetoa siku 5 za kupakua mzigo, kazi ikachukua siku 9. Mwenye meli anadai alipwe siku 4 zilizozidi. Aliyeikodi anasema siku 2 za mwanzo mvua ilinyesha, na mkataba hauhesabu siku za mvua. Jibu limo kwenye mkataba na kumbukumbu za bandarini, na anayezielewa haraka ni mtu aliyewahi kusimama gatini.

Ndiyo maana chama cha wasuluhishi wa masuala ya meli cha London, kilichoanzishwa mwaka 1960, kina watu waliotoka kwenye unahodha, uhandisi na udalali wa meli, pamoja na mawakili. Tanzania nayo ilijiunga mwaka 1964 na Mkataba wa New York wa 1958, hivyo tuzo iliyotolewa London inaweza kukaziwa na mahakama za hapa.

Familia nayo inaguswa

Mara nyingi kila upande huchagua msuluhishi mmoja, na hao wawili humchagua wa tatu. Hata hivyo, aliyekuchagua si bosi wako. Ukionekana kumpendelea, unaweza kuondolewa, na jina likishachafuka nani atakuita tena?

Kwa hiyo kabla ya kupokea kesi, msuluhishi hutaja uhusiano wowote unaoweza kutia shaka. Mke akifanya kazi kwenye kampuni inayodaiwa, au mtoto akiwa na hisa humo, hilo lazima lisemwe, na huenda kesi ikampita. Kesi zenyewe ni za faragha, hazisimuliwi mezani wakati wa chakula.

Kipato nacho hakina tarehe. Msuluhishi wa kujitegemea halipwi mshahara bali ada ya kila kesi, na miezi inaweza kupita bila simu. Karo za shule hazisubiri, hivyo wengi huingia humo wakiwa watu wazima, wenye akiba na jina lililojengwa kwa miaka.

Mzazi, kama kijana wako anapenda injini, hesabu au bahari, usimsukume darasa la sheria kwa nguvu. Aanze na anachokipenda, mafunzo ya usuluhishi atayakuta mbele. Wewe mfundishe mapema kusikiliza pande mbili kabla ya kusema nani ana kosa, hata mkosaji akiwa rafiki yake.