Swali moja, madaftari matatu

Mliosikiliza kipindi cha wiki hii mmetuuliza: yale majina ya ukoo mliyaunganisha vipi? Haya, nawaeleza.

Sie wa Tanuf kumbukumbu zetu zimetawanyika. Mji wa zamani ulipigwa mabomu na ndege za Waingereza katika vita vya Jebel Akhdar, miaka ya 1950, na magofu yake ya udongo yapo mpaka leo. Wengine walikuwa washavuka zamani kwenda Zanzibar, na baada ya Mapinduzi ya 1964 wakatawanyika tena. Leo majina yako pahala patatu: hifadhidata yangu ya PostgreSQL hapa Nizwa, Google Sheets ya ami yangu Unguja, na MySQL ya binamu yangu London. Kila mtu kashika chake, hataki kukihamisha. Na ana haki, maana ndani mna watu walio hai.

Ndipo nikaweka Trino. Ni injini ya SQL iliyoanza Facebook mwaka 2012 kwa jina la Presto. Jina hili la sasa ni la Desemba 2020. Yenyewe haiweki data. Inakwenda kuuliza kule kule data iliko, kisha inakuletea jibu moja.

Kila chanzo kinataka faili lake dogo ndani ya etc/catalog. La kwangu linaitwa nizwa.properties: mstari wa kwanza connector.name=postgresql, halafu anwani, jina la mtumiaji na neno la siri. Tumia mtumiaji wa kusoma tu, asiweze kufuta kitu. Zima injini, iwashe tena, kisha uliza:

SELECT n.jina, u.jina
FROM nizwa.public.watu n
JOIN unguja.default.watu u
ON levenshtein_distance(n.jina, u.jina) <= 1;

Hapo tunakubali tofauti ya herufi moja, kwa sababu Nassor wa Unguja huku anaandikwa Nasser, na Seif anakuwa Saif.

Lakini Said na Saif pia wanatofautiana herufi moja, na hao ni watu wawili! Tukaongeza jina la baba na la babu, orodha ikapungua. Majina yaliyobaki hakuna injini ya kuyaamua. Tulimsomea bibi kwa simu, moja moja: huyu ndiye, huyu siye, huyu alikufa mdogo.

Injini utaiweka jioni moja, wakati wowote. Bibi mpigie leo.