Masumbwi Katika Sinema za Fedha Haba: Sehemu ya Tatu

Katika sehemu mbili zilizotangulia nilieleza jinsi kampuni kubwa za sinema za Marekani zilivyoupenda mchezo wa ngumi tangu zamani, maadam ulingo ni jukwaa lililokwisha kujengwa, lina taa zake, lina hadhira yake, na lina kengele ya kufungua na kufunga kisa. Leo nataka kushuka daraja, niingie katika filamu zilizotengenezwa kwa fedha za kubana, ambazo kwa rai yangu zilimwelewa bondia kuliko zile za fahari. Bondia wa hadithi aghalabu ni mtu anayeandamwa na yaliyopita. Filamu tajiri, ikitaka kuyaonyesha hayo, humrudisha mtazamaji nyuma miaka ishirini, ikaujenga upya mtaa wa utotoni, ikakodi watoto, magari ya kale na mavazi yaliyokwisha kupitwa. Filamu maskini haina uwezo huo, basi hulazimika kuyaacha yaliyopita yakae mahali pale yanapokaa kweli, yaani usoni mwa mtu, mikononi mwake, na katika maneno yamtokayo pasipo kuulizwa.

Tuitazame The Set-Up, filamu ya RKO ya mwaka 1949 iliyoongozwa na Robert Wise, ambaye kabla ya kushika uongozi alikuwa fundi wa kukata na kuunga picha, na ndiye aliyeiunga Citizen Kane. Filamu hii haizidi saa moja na robo, na muda wa kisa ndio huo huo muda wa kutazama: saa ya barabarani yatuonyesha mwanzoni kwamba ni saa tatu na dakika tano za usiku, na yakiisha yote inapata saa nne na robo hivi. Wala haukutiwa muziki wa kuchochea machozi. Ngoma na nyimbo zisikikazo hutoka katika nyumba za dansi na mabaa ya mtaa ule ule. Mwongozaji aliyejifunga kwa sharti kama hilo amejinyima njia ya kurudi nyuma. Hawezi kutuonyesha Stoker Thompson alipokuwa kijana. Anaye Stoker wa miaka 35 tu, aliye karibu na mwisho wa kazi yake, ambaye bado anaamini kwamba konde moja zuri litamfungulia mlango uliofungwa siku nyingi, na mkewe Julie, ambaye amekwisha kuchoka kuliamini konde hilo na safari hii anakataa kwenda kumtazama.

Sehemu iliyo tajiri kupita zote si ya ulingoni, bali ni ile ya chumba cha kubadilishia nguo, ambamo mabondia wa usiku ule wanafungwa bendeji za mikononi na kungoja kuitwa. Yumo kijana ambaye hajapigana kwa ujira hata mara moja, na hofu imemtapisha. Yumo Luther Hawkins, bondia Mweusi aliyeigizwa na James Edwards kwa utulivu na heshima ambayo sinema za zama zile hazikuwa zikiwapa watu weusi kwa wingi, naye mambo yanamnyookea. Na yumo Gunboat Johnson, uso umepondwa kwa miaka, ambaye hachoki kusimulia habari za bondia mmoja aitwaye Frankie Manilla, aliyeshindwa mara nyingi mno kisha akautwaa ubingwa. Kisa hicho amekishika kama muumini anavyoshika wasia wa sheikh wake. Gunboat anaitwa, anakwenda, na baadaye anarudishwa akiwa amebebwa. Daktari anamwuliza jina lake, naye anajibu kwamba yeye ndiye Frankie Manilla.

Stoker yuko papo hapo, anatazama. Hakuna aliyetaja historia yake, wala kamera haikumwondoa chumbani, walakini kila aingiaye na kutoka ni kipande cha umri wake: mtoto yule anayetapika ni Stoker wa miaka kumi na mitano nyuma, na Gunboat ni Stoker wa mwakani. Sijui filamu nyingine iliyosimulia maisha mazima ya mtu kwa kuwapitisha wenziwe mbele ya macho yake, na kwa gharama ya mabenchi, mbao za makabati na taa kadhaa.

Meneja wake, Tiny, amepokea dola 50 kutoka kwa watu wa kamari ili Stoker aanguke, na hakumwambia. Hakumwambia, si kwa kumwonea haya, bali kwa kuwa ana yakini kwamba mzee huyu atashindwa vivyo hivyo, basi ya nini kumgawia? Mimi naliona hilo kuwa tusi kubwa kuliko rushwa yenyewe. Miaka yote ya Stoker, ushindi wake na vipigo vyake, imepigiwa hesabu na mtu aliye karibu naye kabisa, na jumla yake imekuwa ni kwamba hahitaji hata kuarifiwa. Akija kuambiwa, pambano limekwisha kufika ukingoni, naye anakataa kuanguka. Anashinda, na malipo yake ni kuviziwa kichochoroni na kuvunjwa mkono ule alioshindia. Julie wakati huo ametembea mitaani peke yake, akasimama darajani, akaichana tikiti ya pambano vipande vipande, akavidondosha juu ya magari yapitayo chini.

Robert Ryan, aliyemwigiza Stoker, hakuwa mgeni wa glavu, kwani alikuwa bingwa wa uzito wa juu katika chuo cha Dartmouth, na mapigano yalipangwa na John Indrisano, aliyekuwa bondia wa kulipwa. Hiyo ndiyo sababu hatuoni makonde ya madaha. Tunaona watu wawili wachovu wakikumbatiana ili wapate kupumua, huku mnene mmoja wa viti vya mbele akila hiki na kile bila kukoma, na kipofu mmoja akisimuliwa na sahibu yake kila konde, naye akilitaka la pili.

Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo siwezi kulisamehe. Filamu hii ilitokana na utenzi wa Joseph Moncure March uliochapishwa mwaka 1928, ambao shujaa wake ni bondia Mweusi aliyewahi kutiwa gerezani. Wenye filamu wakamfanya Mzungu. Watetezi husema kwamba uchovu hauna rangi, na kwa kadiri fulani ni kweli. Lakini hapa kilichofutwa ni yale yaliyopita yenyewe. Baada ya Jack Johnson kuvuliwa taji la uzito wa juu mwaka 1915, hakuna mtu Mweusi aliyepewa nafasi ya kuligombea mpaka Joe Louis mwaka 1937, naye Harry Wills alizeeka akingoja. Bondia Mweusi wa 1928 aliyeamini kwamba konde moja lingemfungulia mlango hakuwa akijidanganya juu ya konde. Mlango ndio uliokomewa. Ukimwondoa huyo, ukamweka Stoker, kinachobaki ni ghururi ya mtu mmoja, ilhali mwanzo ilikuwa dhuluma ya nchi nzima.

Killer's Kiss ya Stanley Kubrick, ya mwaka 1955, naipitia upesi, kwa kuwa kisa chake ni chepesi na kijana yule, aliyepiga picha na kuziunga mwenyewe kwa fedha za kukopa kwa jamaa na marafiki, alikuwa bado anajifunza. Ila liko jambo ndani yake linalounga mkono hoja yangu. Msichana wa kisa, Gloria, anasimulia habari za babake na za dadake aliyekufa, na Kubrick, asiye na fedha za kuijenga nyumba ile wala kuwakodi wazee wale, anatuonyesha mcheza baleti mmoja peke yake jukwaani, giza limemzunguka, huku sauti ikisimulia. Ukata huo ulizaa dakika chache zilizo bora kuliko mapigano yote ya filamu ile.

Sasa tufike Fat City, aliyoiongoza John Huston na kutolewa mwaka 1972, kutokana na riwaya ya Leonard Gardner. Huston alipata kupigana ngumi ujanani mwake huko California, na hapa alikwenda Stockton penyewe, katika mji ambao vibarua hubebwa na mabasi alfajiri kwenda mashamba ya vitunguu. Billy Tully, aliyeigizwa na Stacy Keach, aliwahi kupelekwa Panama kupigana bila meneja wake, ambaye alibaki nyumbani ili kuokoa nauli. Huko, kwa maneno yake Tully, mpinzani alimchana nyusi kwa wembe, akapoteza pambano, na baadaye mke naye akaondoka. Panama hatuioni hata kidogo. Tunaisikia baani, tunaisikia kwa meneja, na kila isimuliwapo lawama inahama kidogo, hata mtazamaji asijue ni wembe uliomwangusha Tully au ni miaka aliyokaa akiusimulia.

Huston akamleta pia Lucero, bondia wa Meksiko, aliyeigizwa na Sixto Rodriguez, bondia wa kweli. Huyu ana maneno machache mno. Anashuka basini peke yake, amevaa suti safi, anakojoa damu hotelini, anapigana, anashindwa, anaondoka kama alivyokuja. Tully, aliyemshinda, hajui kama ameshinda, yambidi aulize. Tukija kujua ujira wake umekatwa madeni kiasi gani, tunafahamu kwamba wanaume wawili hawa waliletwa ulingoni na mambo yaliyotukia zamani, mbali na hapo, na kwamba hakuna mmoja wao aliyekuwa akipigana na yule aliye mbele yake. Hali kadhalika Earl, mtu aliye kimya kuliko wote, ameigizwa na Curtis Cokes, aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzito wa welta tangu 1966 hata 1969, na Huston hakumpa hata konde moja la kurusha.

Katika sehemu ya nne, inshallah, nitaieleza Champion, iliyotolewa mwaka ule ule wa 1949 na Stanley Kramer kwa fedha chache, ikamtia Kirk Douglas katika safu ya nyota. RKO waliishtaki wakidai kwamba inafanana mno na The Set-Up. Na jambo la kufurahisha ni kwamba mwongozaji wake, Mark Robson, alikuwa zamani msaidizi wa Robert Wise katika chumba kile kile cha kukatia picha.